Kilimo Hai Si Anasa ya Walioshiba

Kuna kauli iliyorudiwa mara nyingi mno hata ikaonekana haihitaji ushahidi: kwamba kilimo hai, yaani kilimo cha mboji, samadi, mikunde na mzunguko wa mazao pasipo mbolea wala viuatilifu vya viwandani, kinamfaa mlaji wa Ulaya mwenye fedha za kununua nyanya kwa bei ya juu, lakini hakiwezi kulisha dunia, na Afrika ikithubutu kukifuata itakufa njaa. Utaisikia kwenye hotuba za bajeti, kwenye mabanda ya pembejeo siku ya Nanenane, kwa wafadhili na hata kwa wasomi wa kilimo. Ndiyo iliyobeba Azimio la Abuja la mwaka 2006, ambapo nchi za Afrika ziliahidi kupandisha matumizi ya mbolea kutoka wastani wa kilo 8 za virutubisho kwa hekta hadi kilo 50 ifikapo 2015. Lengo halikufikiwa, na Mei 2024 viongozi walikutana tena Nairobi kuzungumzia mbolea, safari hii na afya ya udongo ikiwa kwenye ajenda. Wanaoishikilia kauli hii si wajinga wala si maadui wa mkulima. Wana hesabu zao, na baadhi yake ni za kweli. Ninachodai ni kwamba hesabu hizo zinajibu swali lisilo letu. Kwenye mashamba ambako njaa inaishi kweli, kilimo kinachojenga udongo ndicho msingi wa kuzalisha chakula, na pasipo msingi huo hata mbolea ya dukani haimlipi aliyeinunua.

Tuanze na hesabu zenyewe, maana ndizo ngao ya upande wa pili. Mwaka 2012 Verena Seufert na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchambuzi wa tafiti nyingi zilizolinganisha mifumo hii miwili. Walikuta mavuno ya kilimo hai yako chini kwa wastani wa asilimia 25, pengo likiwa kati ya asilimia 5 na 34 kutegemea zao na mazingira. Mwaka 2015 Lauren Ponisio na wenzake walipata pengo la asilimia 19, nalo likashuka hadi asilimia 8 au 9 pale mkulima wa kilimo hai alipochanganya mazao shambani au kuyazungusha kila msimu. Kule Therwil, Uswisi, jaribio lililoanza mwaka 1978 lilionyesha mavuno pungufu kwa asilimia 20, huku matumizi ya mbolea na nishati yakipungua kwa kati ya asilimia 34 na 53. Sina ugomvi na takwimu hizi. Lakini sehemu kubwa yake imetoka Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako anayelinganishwa na mkulima wa kilimo hai ni mkulima mwenye trekta, mkopo, bima, na mbolea nyingi kuliko mkulima wa Vihiga, Kenya, au Kongwa, Tanzania, atakavyoimudu katika misimu kadhaa. Kupungukiwa robo ya tani kumi ni jambo moja. Kutoka tani moja kwenda tatu ni jambo lingine kabisa, na hilo la pili ndilo linalomhusu mwenye njaa.

Sasa tuutazame udongo wake. Mwaka 2009 Paswel Marenya na Christopher Barrett walichapisha utafiti wa mashamba ya mahindi ya Vihiga na Nandi Kusini, magharibi mwa Kenya. Waligundua kwamba katika takriban theluthi moja ya mashamba, udongo ulikuwa umechakaa kiasi kwamba kuongeza mbolea ya nitrojeni hakukumrudishia mkulima gharama yake. Sababu haina uchawi. Mabaki ya mimea na samadi iliyooza ndivyo vinavyoupa udongo uwezo wa kushika maji na virutubisho. Vikiisha, mvua moja kubwa huisomba urea kabla mzizi haujaifikia, na kwenye udongo wenye tindikali fosforasi hufungwa isipatikane kwa mmea. Mbolea zenye amonia, zikitumika mwaka baada ya mwaka bila chokaa wala mboji, huiongeza tindikali hiyohiyo. Watafiti waliofanya kazi Murehwa, Zimbabwe, wakiongozwa na Shamiso Zingore, waliona jambo lilelile kwenye mashamba ya kichanga yaliyo mbali na nyumba: mbolea pekee haikuyaamsha, na ilihitajika samadi kwa misimu kadhaa ndipo mahindi yaanze kuitikia. Kwa hiyo anayesema “tuwape mbolea kwanza, mboji itafuata” amegeuza mpangilio wa kazi, na gharama ya kosa hilo inalipwa na mkulima aliyekopa kununua mfuko.

Ushahidi kwamba kazi hii inaweza kufanyika haukuanza jana. Mbita, kando ya Ziwa Victoria, watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, wakiongozwa na Zeyaur Khan, kwa kushirikiana na taasisi ya Rothamsted ya Uingereza, walianza katika miaka ya 1990 kujenga mfumo ambao sasa uko kwa wakulima wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya mikunde unaotambaa na kufunika ardhi. Harufu yake humkimbiza nondo wa bungua asitage mayai kwenye mahindi. Pembezoni mwa shamba hupandwa majani ya tembo au brakiaria, ambayo humvuta nondo huyo atage huko. Chini ya udongo, mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoziamsha mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na kisha kuzizuia zisishike mzizi wa mahindi, zikafa. Wakati huohuo inaleta nitrojeni kutoka hewani, na majani yake ni chakula cha ng’ombe ambaye samadi yake hurudi shambani. Kwenye mashamba yaliyokuwa yakitoa takriban tani moja kwa hekta, mavuno yamefika tani tatu na nusu. Viwavijeshi vamizi vilipoenea Afrika Mashariki mwaka 2017, wakati wakulima wengi wakikimbilia bomba la dawa, utafiti uliochapishwa mwaka uliofuata ulionyesha mashambulizi yamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwenye mashamba ya mfumo huu.

Wala si kila elimu ya aina hii ilihitaji maabara. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wamelima miteremko mikali kwa zaidi ya karne moja kwa njia ya ngoro. Nyasi hufyekwa na kulazwa kwa miraba juu ya mteremko. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kutupwa juu ya nyasi, na hapo hubaki shimo lililozungukwa na matuta manne. Maharage hupandwa matutani, na mahindi hufuata katika zamu yake. Maji ya mvua hutulia shimoni badala ya kuteremka na udongo, na nyasi huoza chini ya mizizi. Wapo siku hizi wanaoongeza mbolea ya dukani kwenye mahindi yao. Lakini kilichoufanya mlima ule ubaki na udongo wa kuwekea mbolea hiyo ni ngoro.

Mpinzani atasema hiyo ni mifano ya kuchagua. Basi na tutazame majaribio yaliyopangwa. Huko Chuka na Thika, Kenya, tangu 2007 mashamba ya kilimo hai na ya kawaida yamekuwa yakilimwa ubavu kwa ubavu chini ya usimamizi wa watafiti. Mavuno ya mahindi ya mifumo hiyo miwili, ikipewa matunzo ya kiwango kimoja, yalikaribiana. Viazi mviringo ndivyo vilivyoteseka zaidi na ukungu upande wa kilimo hai, na hilo lazima lisemwe, kwa kuwa linaonyesha utafiti wa mbegu na kinga unahitajika wapi. Tigray, Ethiopia, mradi ulioanza mwaka 1996 ulionyesha kwamba nafaka kwenye mashamba yenye mboji zilizidi kwa mbali zile za mashamba yasiyowekwa kitu, na mara nyingi zililingana na zile za mbolea ya viwandani au kuzipita. Mwaka 2008 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya UNEP na UNCTAD yalichambua miradi 114 katika nchi 24 za Afrika, na wastani wa ongezeko la mavuno ulikuwa asilimia 116. Wakosoaji walijibu kwamba ongezeko lilikuwa kubwa kwa sababu mavuno yalianzia chini sana. Hilo ndilo nisemalo. Njaa iko kwa wanaovuna kidogo, na njia inayowanyanyua wanaovuna kidogo ndiyo njia ya kulisha dunia.

Na ile njia nyingine imetupa nini? Mwaka 2006, mwaka uleule wa Azimio la Abuja, mfuko wa Rockefeller na ule wa Bill na Melinda Gates ilianzisha AGRA, muungano wa kuleta mapinduzi ya kijani Afrika, kwa lengo la kuongeza maradufu mavuno na kipato cha kaya milioni 30 za wakulima wadogo ifikapo 2020. Mtafiti Timothy Wise alipokusanya takwimu za nchi 13 za mradi huo, alikuta mavuno ya mazao makuu yameongezeka kwa asilimia 18 katika miaka 12, huku idadi ya wenye njaa ikipanda kwa takriban asilimia 30. AGRA ilipinga mbinu zake, na ni kweli vita, ukame na ongezeko la watu navyo vimechangia njaa. Hata hivyo, asilimia 18 haiwezi kuitwa maradufu kwa hesabu yoyote. Malawi, iliyosifiwa dunia nzima kwa ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2005/06, ilifika mahali ruzuku hiyo ikameza zaidi ya nusu ya bajeti ya kilimo. Ukame wa El Niño ulipopiga, mwaka 2016 zaidi ya watu milioni 6 walihitaji msaada wa chakula. Kisha ikaja 2022. Urusi ilipoivamia Ukraine, bei ya gesi na ya mbolea inayotengenezwa kwa gesi hiyo iliruka, na mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP nchini Kenya ukapita shilingi 6,000 kabla serikali haijaushusha kwa ruzuku hadi 3,500. Kilimo ambacho msimu wake unaamuliwa na vita vya mbali hakiwezi kuitwa salama.

Hapa ndipo jina la Sri Lanka hutajwa, na lina haki ya kutajwa. Mwaka 2021 serikali ya Gotabaya Rajapaksa ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea na viuatilifu vya viwandani, takriban kwa usiku mmoja. Katika miezi sita mavuno ya mpunga yalishuka kwa asilimia 20, chai ikaathirika, nchi iliyokuwa ikijitosheleza kwa mchele ikalazimika kuagiza, na kabla mwaka haujaisha amri ikaanza kufutwa. Wakulima waliumia vibaya, na hakuna mtetezi wa kilimo hai anayepaswa kulipunguza hilo. Lakini tuulize ni kitu gani kilichoshindwa pale. Serikali iliyobanwa na uhaba wa fedha za kigeni iliondoa mbolea kwenye udongo uliozoeshwa kwayo kwa miongo mingi, bila mboji ya kutosha, bila mbegu za mikunde, bila mafunzo, bila miaka ya mpito. Kujenga udongo huchukua misimu mitatu, minne, hata zaidi. Sri Lanka imetufundisha kwamba marufuku ya ghafla ni sera mbaya. Haijatufundisha kwamba udongo hauwezi kurutubishwa, na sijui mtafiti makini wa kilimo hai aliyewahi kupendekeza marufuku ya namna ile.

Pingamizi zito zaidi kisayansi ni nitrojeni. Tangu Fritz Haber alipoonyesha mwaka 1909 kwamba amonia inaweza kutengenezwa kutokana na hewa, na Carl Bosch akaipeleka kiwandani, idadi ya watu duniani imekua kwa kuegemea kiwanda hicho. Vaclav Smil amekadiria kwamba takriban watu wawili kati ya watano wanaishi kwa chakula kilichotokana nacho. Nakubali kwamba dunia nzima haiwezi kuzima viwanda hivyo kesho. Hata uchambuzi wa Adrian Muller na wenzake wa mwaka 2017, ulioonyesha kwamba kilimo hai kinaweza kulisha dunia ya 2050 bila kuongeza ardhi iwapo upotevu wa chakula na nafaka za mifugo vitapunguzwa, ulikiri kwamba nitrojeni ingekuwa changamoto. Lakini tusichanganye mahitaji ya tambarare za Iowa au China na yale ya shamba la ekari mbili la Babati. Mbaazi, kunde, fiwi, marejea na miti kama gliricidia huvuta nitrojeni hapohapo shambani. Tunachokosa ni sera: mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa uagizaji, bei ya mbaazi ilianguka kwa wakulima wa Tanzania, wengi wakakata tamaa na zao linalorutubisha ardhi yao. Ama fosforasi, ambayo haitoki hewani, Tanzania ina mwamba wa Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, mashapo ya kale ya kinyesi cha ndege, ambao ukisagwa unakubalika katika kilimo hai na hufanya kazi vizuri hasa kwenye udongo wenye tindikali.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la anayeshika jembe: kazi. Kutengeneza mboji ni kukata majani, kukusanya samadi, kumwagilia, kugeuza, kisha kubeba tani kadhaa hadi shambani, ilhali mfuko wa mbolea hupakiwa kwenye pikipiki ukafika. Mzigo huo mara nyingi humwangukia mwanamke ambaye tayari ana maji, kuni na watoto. Anayehubiri kilimo hai bila kulijibu hili anahubiri mgongoni mwa mwenzake. Jibu lake ni zana na mpangilio wa shamba. Mti uliopandwa ndani ya shamba huangusha majani palepale yanapohitajika. Desmodiamu ikipandwa mara moja hukaa miaka na hupunguza palizi, kazi inayowachosha wanawake kuliko zote. Mkokoteni wa punda na mashine ndogo ya kukatia mabua hubadili kabisa hesabu ya siku za kazi. Serikali inayoweza kulipa sehemu ya bei ya kila mfuko wa mbolea inaweza kulipa sehemu ya bei ya mkokoteni.

Na tukisema kulisha, tunasema nini hasa? Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa walikuwa karibu asilimia 57, na Njombe na Rukwa karibu asilimia 50. Hiyo ndiyo mikoa inayojaza maghala ya taifa mahindi. Udumavu una sababu nyingi, zikiwamo maradhi, maji yasiyo safi na mama kukosa muda wa kumlisha mtoto. Lakini takwimu hizo peke yake zinavunja imani kwamba tani za mahindi ni sawa na lishe. Shamba lenye maharage, mboga, matunda na ng’ombe wa maziwa huleta mezani kile ambacho shamba la zao moja haliwezi kuleta, na kilimo hai hakiendi bila mchanganyiko huo. Upande wa dunia nao uko hivyohivyo. Takriban theluthi moja ya nafaka hulishwa mifugo. FAO ilikadiria mwaka 2011 kwamba karibu theluthi ya chakula hupotea au hutupwa. Kwetu, dumuzi, mdudu aliyeonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 bado anakula mahindi ghalani. Mwaka 2023 watu wapatao milioni 733 walikuwa na njaa katika dunia iliyozalisha chakula cha kuwatosha. Hawakukosa kwa sababu ya pengo la asilimia 20 kati ya shamba la Uswisi na jirani yake.

Mikakati imeshaandikwa. Tanzania ilizindua mkakati wake wa taifa wa kilimo hai Novemba 2023, na Kenya ikafuata na mkakati wa kilimo ikolojia wa 2024 hadi 2033. Karatasi hailimi. Kinachohitajika ni fedha za umma: sehemu ya ruzuku ya mbolea ihamishiwe kwenye mbegu za mikunde, chokaa, mwamba wa Minjingu na zana za mboji, maafisa ugani wafundishwe kupima na kutibu udongo badala ya kusubiri orodha ya wanaostahili mfuko, vituo vya utafiti vipewe kazi ya kutafuta viazi vinavyostahimili ukungu bila dawa, na masoko ya mbaazi na kunde yajengwe hapa nyumbani ili mkulima asitegemee amri ya nchi nyingine. Mbolea ya viwandani imepewa karibu miaka ishirini, mabilioni ya shilingi na heshima yote ya serikali, na bado inaombewa muda zaidi. Kilimo hai kipewe nusu ya fedha hizo na miaka hiyohiyo kwenye udongo uleule, ndipo atakayetaka kusema kwamba hakiwezi kulisha dunia aseme akiwa na ushahidi mkononi.